Nimegombania kochi na waliokuja kunifariji

Jamani, leo nimevutana na majirani mlangoni, msiba wenyewe sijui kama upo.

Redio imesema ndege ya mafunzo ya jeshi imeanguka, mwanafunzi aliyekuwa peke yake amefariki. Jina hawakutaja.

Mwanangu Lusajo anasomea urubani hukohuko. Simu yake haipatikani.

Basi wenzangu wa hapa Kyimo wakaja na mikungu ya ndizi, wakaanza kutoa makochi nje watandike mikeka ya msiba! Nikashika kochi la mwisho.

"Achia, Mama Lusajo, mwenzetu," Mama Tumpe ananibembeleza.

"Siachii! Lusajo kaniambia bado hawaruhusiwi kuruka peke yao. Huyo siyo wangu!"

Mmoja akaanza hata kurudisha ndani meza waliyokwisha kuitoa.

Ndipo redio ikasema tena: kumbe walikuwa wawili, mwanafunzi na mwalimu wake, na wote wamefariki.

Hakuna aliyenitazama.

Nikaijibu redio: "Kama mmekosea mwanzo, si mnaweza kukosea na sasa?"

Mwenye ndugu kambini aniulizie, nawaomba.

Mvua imeanza. Nimekaa kwenye kochi lilelile, wameshalitoa hapa uani. Ndani siingii, na mkeka sikalii.