Nilimsifu Daktari kwa Makala Ambayo Hakuiandika

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu na simtafuti wa kumlaumu. Jina langu tu msilitaje, maana Kitengela ni ndogo na mama anafuatilia ukurasa huu!

Nilikuwa naandika tasnifu kuhusu jinsi wafugaji wa Magadi wanavyohifadhi maziwa wakati wa kiangazi. Nyumbani matayarisho ya mahafali yalikuwa yameshaanza. Baba alikuwa amenunua mbuzi kule Kajiado, akamfunga nyuma ya nyumba anenepe.

Sasa, chuoni kwetu kila mwanafunzi anajua: kabla ya kutetea tasnifu, hakikisha umetaja utafiti wa msimamizi wako. Anafurahi, nawe unapita. Maktaba ilitufundisha mahali pa kutafuta makala za kitaalamu, lakini siku hiyo mimi nilikuwa saluni. Nikaiuliza programu ya akili unde kwenye simu: msimamizi wangu ameandika nini kuhusu maziwa ya Magadi? Ikanipa makala tamu ajabu, ina kichwa, ina jarida, ina muhtasari. Nikanakili. Kuifungua? Aa wapi!

Siku ya kutetea, Daktari, yaani msimamizi wangu mwenyewe, akafika ukurasa wenye makala ile, akaigonga kwa kidole.

"Hii paper yangu uliisoma?"

"Yote, Daktari! Ilinisaidia sana."

"Niliandika nini?"

Jamani, si ningenyamaza? "Ulisema kibuyu kinashinda jerikeni, Daktari. Nilipenda sana hiyo part."

Akavua miwani. "Mimi pia ningependa kuisoma, kwa sababu sijawahi kuiandika."

Jopo zima likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka kidogo, mjinga mimi, kabla sijaelewa. Kisha wakaanza kutafuta marejeleo yangu mengine, na mengi hayakuwepo popote. Nikaambiwa nirudie kazi yote. Mahafali yakanipita hivyo.

Baba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Haidhuru. Mbuzi tutangoja na yeye," akaenda kumkatia nyasi. Nililia chumbani kama mtoto!

Ninyi mnaoandika tasnifu, nawasihi: tafuteni kwenye hifadhi za makala mnazoonyeshwa na maktaba zenu, fungueni kila makala, na msiyoisoma msiitaje. Mimi siku hizi nasoma kweli. Dirisha la chumba changu linaangalia nyuma ya nyumba, na kila nikiinua macho namwona mbuzi. Amenenepa hadi majirani wanauliza sherehe ni lini.