Sauti Iliyorukwa

Jumamosi ndiyo siku pekee wageni wa hoteli ile humsikiliza mpiga piano. Siku nyingine hula na kupiga soga tu, bila kujali muziki wake. Dada mtu alikuwa amepiga jazi na soul katika siku hizo nyingine kwa miaka mingi, na Jumamosi aliitaka kufa na kupona. Meneja akampa Jumamosi hiyo mdogo wa dada huyo, kijana aliyerudi juzi tu kutoka chuo cha muziki.

Jumamosi ya kwanza ya kijana, dada alisimama nyuma ya nguzo, glasi ya maji mkononi, roho ikimuuma. Yeye hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufuatisha redio, kwenye piano ya ukumbi wa shule ambao mama yao alikuwa akiufagia. Kibonyezo kimoja cha katikati kilikuwa kimekufa, basi mkono wake ukazoea kukiruka. Mdogo wake alikaa naye benchini, miguu haifiki chini, akitazama.

Sasa kijana alifika katikati ya wimbo mmoja wa siku zile, akairuka sauti ya kibonyezo kile kilichokufa. Ukumbi mzima wa hoteli ukatulia tuli.

"Umesikia kale kakimya?" meneja alimnong'oneza. "Hicho ndicho chuo, dada yangu."

Baadaye dada alimvizia mdogo wake mlangoni pa jikoni.

"Wewe, ile sauti unairuka kwa nini? Piano hii ni nzima."

"Sauti ipi?"

Akamwimbia. Kijana akakuna kichwa. "Si ndivyo wimbo ulivyo, dada?"

"Ndivyo ulivyo kwenye piano mbovu, bwana msomi!"

Kijana alicheka hadi akashika ukuta. Dada hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa meneja, akadai Jumamosi moja tu, wapimwe. Akapewa.

Siku hiyo alipiga kuliko alivyowahi kupiga. Alipofika pale, hakuruka. Aliibonyeza ile sauti, safi, kwa nguvu, ijulikane nani anaujua wimbo wote. Watu wa meza ya mbele wakatazamana kana kwamba mhudumu kaangusha sahani.

"Umeharibu kipande cha kijana," meneja alimwambia, kwa upole uliomuudhi zaidi. "Jumamosi abaki nayo."

Jumatatu mchana, wageni wakila, aliupiga tena. Mkono ukairuka sauti ile wenyewe. Hakuna aliyeinua kichwa ila mdogo wake, aliyeacha sahani yake, akaja kusimama kando ya benchi, macho kwenye vidole vyake kama zamani.

"Nenda ukale," dada alimwambia, wala hakusogea benchini kumpa nafasi.