Walisema Mdogo Wangu Amekubali

Mdogo wangu ni kiziwi. Aliugua homa kali kabla hajaanza kutamka maneno, akapona, lakini hakusikia tena. Nyumbani tulikuwa tukiongea naye kwa mikono, kwa namna tuliyoibuni wenyewe: ukigusa kidevu ni baba, vidole viwili juu ya kichwa ni ng'ombe, kiganja kikipapasa kifua ni pamba. Alitania na kusengenya kama sisi wengine, na akikasirika hata jirani wa mbali alijua.

Akaolewa Itilima, na mwanamume mpole aliyejifunza ile mikono yetu mpaka akatuzidi. Walilima shamba ambalo mume aligawiwa na baba yake zamani, pamba na mahindi, viazi pembeni. Mume alipofariki, msiba haujapoa, kaka wa marehemu akaingiza plau. Mjane akaachiwa nyumba na kipande cha ardhi nyuma ya choo.

Nikafunga genge langu la mboga hapa Somanda, nikaenda kumsindikiza kulalamika kwenye kata. Siku ya usuluhishi chumba kilijaa. Mwenyekiti wa baraza akauliza, "Nani atamtafsiria huyu bubu?"

Nikasimama. "Mimi, dada yake. Na ni kiziwi, baba, si bubu."

"Wewe ni ndugu yake, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Una upande. Kaa chini."

Shemeji akanyoosha mkono. "Mimi nimeishi naye mji mmoja. Namwelewa vizuri."

Wakamkubali. Nilidhani wanafanya mzaha. Yule anayelalamikiwa ndiye aliyepewa kusema kwa niaba ya anayelalamika, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyekohoa.

Mdogo wangu akaanza. Alieleza mengi. Alimwonyesha mumewe akipanda, akajionyesha yeye akipalilia na mtoto mgongoni, akachora mipaka hewani kwa mikono miwili. Kisha akamnyooshea kidole shemeji, akafumba ngumi na kuivuta kifuani: amechukua. Hata mgeni angeelewa.

Shemeji akageukia meza. "Anasema anajua shamba ni la ukoo. Anaomba tu asifukuzwe kwenye nyumba."

"Mwongo!" nilipiga kelele. Mgambo akanishika mkono, akanitoa nje.

Nikabaki dirishani. Nilimwona mwenyekiti akimtazama mdogo wangu, akiitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mdogo wangu naye akaitikia vilevile. Alidhani anaambiwa ameeleweka.

"Amekubali," mwenyekiti akasema. Wakampaka wino kwenye dole gumba.

Alitoka akitabasamu. Hilo sijalisamehe mpaka leo. Alinikimbilia, akanionyesha: shamba, langu. Ikabidi mimi nimwambie pale pale uwanjani, watu wakitutazama, kwamba hapana. Alirudia kuniuliza. Nilirudia kujibu. Mwisho akakaa chini kwenye vumbi, akawa anajifutia kile kidole kwenye kanga.

Tukaenda wilayani. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu, alitupa viti kabla hatujaomba. Nilipomsimulia alikasirika kuliko nilivyotegemea. Alituonyesha tangazo ukutani lililoahidi kumhudumia kila mwananchi kwa usawa, awe mwanamke au mwanamume, awe na ulemavu au asiwe nao. "Ni haki yake, mama," akaniambia. "Walitakiwa wamtafutie mkalimani wa lugha ya alama. Wala hakupaswa kuomba."

"Yuko wapi huyo mkalimani?"

Akashusha macho. "Hapa hatuna. Itabidi tuombe."

Wakaomba. Wakati wanaomba, pamba ikaota, ikapasuka, shemeji akaivuna na kuipeleka kuuza.

Mkalimani alikuja kutoka Mwanza, mwanamke nadhifu, vidole vyake vyepesi. Mdogo wangu alijiandaa siku hiyo, alisuka nywele. Yule mama akaanza kumsalimia kwa vidole, na mdogo wangu akavitazama vile vidole, kisha akanitazama mimi. Hakuelewa chochote.

"Huyu hajui lugha ya alama," mkalimani akasema kwa upole. "Hakusoma?"

Hakusoma. Baba alimpeleka shule ya serikali akiwa mdogo, wakamrudisha mlangoni kwa sababu hawakuwa na mwalimu wa watoto wa namna yake. Hiyo lugha angejifunzia wapi, shambani?

Mkalimani alijitahidi. Aliwaomba wazee wa baraza la wilaya waniruhusu nikae katikati, mdogo wangu aniambie mimi, mimi nimwambie yeye, naye ahakikishe sidanganyi. Walikataa. Walisema huo si utaratibu. Makubaliano ya kata yakaachwa kama yalivyo, kwa maelezo kwamba mlalamikaji alipewa mkalimani akashindwa kumtumia. Akashindwa. Nililisikia neno hilo likisomwa kwa sauti na ndugu yangu akiwa amekaa hapo, akiwatazama midomo, akisubiri.

Sasa anaishi kwangu na wanawe. Tunauza mboga pamoja. Wateja wananyoosha kidole, yeye anapima, na hakuna anayekosea.

Mwaka huu ofisa mwingine alikuja gengeni na fulana mkononi. Kulikuwa na maadhimisho ya watu wenye ulemavu, walitaka mdogo wangu akae mstari wa mbele. Nilimtafsiria. Akauliza kama watazungumza habari za shamba.

Nikamuuliza ofisa. "Hapana, mama," akacheka kidogo. "Ni sherehe tu. Kutakuwa na wali, na viongozi watapiga naye picha."

Nilimweleza mdogo wangu hivyo hivyo. Akageuka, akaendelea kuchambua mchicha.

"Anasemaje?" ofisa akauliza.

"Ameshajibu," nikamwambia.

Aliiacha ile fulana mezani. Ninaifutia mizani.