Mchumba wa Shangazi na Hadithi ya Zimwi

Mbaazi mbichi zikichemka pamoja na maganda yake hutoa harufu ya majani na udongo, na mpaka leo harufu hiyo hunirudisha jikoni kwa bibi yangu, kule Ikutha. Susu, ndivyo tulivyomwita, alizimwaga kwenye uteo zikiwa bado zinafuka mvuke, nasi tukauzunguka tukimenya na kula, vidole vikiungua na hakuna aliyejali. Hapo ndipo hadithi zilipoanza. Kila moja tuliijua mapema. Sungura angemchezea fisi shere, fisi angeponzwa na tumbo lake, mama wa kambo angemtuma mtoto wa watu maji kwa mtungi unaovuja. Msichana akikataa wachumba wa kwao, tulijua atatokea mgeni mzuri kupindukia, na mgeni huyo ni zimwi lenye mdomo wa pili kisogoni, umefichwa na nywele. Litamchukua mbali, limnenepeshe, limle. Na siku zote yupo mdogo wake yule msichana, mtoto msumbufu, ambaye hufukuzwa arudi nyumbani lakini huwafuata vivyo hivyo, na ndiye huuona mdomo ule akapiga mayowe. Hatukuchoka. Raha yenyewe ilikuwa kujua linalokuja na bado kuogopa.

Msimu mmoja wa mbaazi, Susu aliacha hadithi nyingine zote akabaki na hiyo ya zimwi. Sababu ilikuwa shangazi Mwende, kitinda mimba wake, aliyekuwa akienda Kibwezi kuuza ndengu. Shangazi alikuwa amewakataa wachumba wawili wa pale pale Ikutha, mmoja wao mwana wa mzee wa kanisa letu, kisha akatangaza bila kupepesa macho kwamba amempata wake: Hamisi, Mwislamu mwenye asili ya pwani, aliyekuwa na hoteli ndogo ya kulisha madereva wa malori huko Mtito Andei. Watu walidhani Susu anakerwa na dini. Labda kidogo. Alichosema yeye ni hapana, na bila neno lake wazee wasingekaa kupokea posa. Shangazi naye alisema hatoroki, ila asipopewa Hamisi kwa baraka za mamake, hataolewa na mtu mwingine maishani. Wote wawili vichwa vigumu. Basi kila jioni Susu alisimulia, akimkazia macho bintiye alipofika kwa yule mgeni mzuri, na shangazi alimenya kwa hasira mpaka punje zikaruka. Nilimwonea huruma sana. Lakini hadithi niliiamini.

Kisha Hamisi mwenyewe akaja, mchana, na sukari na leso ya kumpa Susu mkononi. Alikuwa mrefu, msemaji wa taratibu, na amevaa kofia iliyodariziwa, imeshuka mpaka kisogoni. Kaka yangu Kyalo alinitia kiwiko mbavuni. Mgeni mzuri, na nyuma kumefunikwa! Kwetu hadithi hazisimuliwi mchana. Ukisimulia, ng'ombe hupotea malishoni. Susu ndiye aliyetufundisha hivyo. Siku hiyo, jua likiwa utosini, alimpa mgeni chai, akaketi mbele yake, akaianza ile hadithi. Tena aliisimulia kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia sokoni tu, ili lisimpite hata neno moja.

"Kijana, zamani kulikuwa na msichana moja, alikataa wanaume yote ya kwao," alianza.

Shangazi aliinamisha uso. Hamisi alisikiliza bila kuigusa chai. Mimi na Kyalo tulikuwa tumeshapita nyuma yake mara kadhaa, tukijifanya tunafukuza kuku, ndipo akageuka.

"Mwatafuta nini huko nyuma, wanangu?"

"Tunaangalia kama uko na mdomo ingine," Kyalo akajibu.

Shangazi alijifunika uso kwa viganja. Hamisi aliivua kofia, akachuchumaa akatupa mgongo, akatuambia tutazame vizuri na tuguse. Niligusa. Kilikuwa kisogo tu, kimenyolewa karibuni, chenye joto na kovu dogo la utotoni. Nilitarajia Susu acheke na mambo yaishe, lakini hakucheka.

"Mdomo najua hauna," alimwambia. "Lakini huko ni mbali. Mtoto yangu akilia, nani atasikia?"

Wakati huo sikujua kwamba dada yake Susu aliolewa mbali akiwa msichana, na kwamba habari za vipigo alivyovumilia ziliwafikia kwao baada ya kuzikwa. Hamisi naye hakujua. Alirudisha kofia kichwani.

"Hadithi hii hata kwetu ipo, mama," alisema. "Lakini bado hujaimaliza. Yule mdogo mtu aliyewafuata, hapa kwenu ni nani?"

Susu alinitazama mimi. "Ni huyu."

"Basi tupe na huyu."

Harusi ilifanyika kabla ya mvua, na likizo ya Desemba nilipelekwa Mtito Andei, wala hakuna aliyenifukuza. Nililala chumba cha nyuma ya hoteli, katikati ya harufu ya dizeli na chapati, malori yakinguruma mpaka alfajiri. Niliporudi, Susu hakuniuliza nilikula nini wala watu wa kule wanasali vipi. Aliuliza kama shangazi anacheka. Nikasema anacheka. Hata wageni wakiondoka? Hata wakiondoka. Susu aligeukia mafiga, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, na mabega yake yakatikisika. Jioni ile alitusimulia habari za sungura na fisi.

Binti yangu Mutheu amekulia hadithi za kwenye simu, ambamo maskini hupendwa na tajiri na mama mkwe hutia sumu kwenye juisi. Huwa ananiambia, "Mum, ngoja uone," na kweli tunaona. Sizidharau; nina hakika hata hizo kuna anayezisimulia kwa sababu ya uchungu fulani. Mwaka jana Mutheu aliolewa na kijana mpole, wakahamia Kanada. Zimwi lilinifika kwenye ncha ya ulimi nikalimeza, maana ningemtuma nani awafuate? Ndiye mtoto wangu wa pekee. Naogopa, na sioni haya kusema. Hunipigia kila Jumapili baada ya ibada, akanieleza habari za kazi na za baridi, nami naitikia, ee, ee, lakini maneno yenyewe siyafuati. Nasubiri acheke.