Nzi Aliyezaa Juu ya Sahani

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kama ya jana. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, nami mke mgeni Temeke, nimetoka Lindi kuolewa na Mzaramo. Asubuhi mume wangu alileta nyama kutoka machinjioni Vingunguti, ingali na joto la mnyama, kisha akaenda zake kiwandani. Nikaiacha uani kwenye sinia, nikaenda bombani. Foleni ya maji, unaijua tena.

Niliporudi, wifi yangu Mwanaidi alikuwa ameinamia sinia. Funza! Wadogo, weupe, wanatembea.

"Nyama ya juzi hii!" akapiga kelele hadi majirani wakasikia. "Huyu mtu wa kuja anataka kutuua. Arudishwe kwao!"

"Mama, naapa, imechinjwa leo," nikamlilia mama mkwe. Lakini kiapo cha mgeni kina uzito gani? Usilolijua ni usiku wa kiza, na mie sikulijua.

Mama mkwe, mtu mkavu wa maneno, hakunitetea wala hakumkemea Mwanaidi. Alikata kipande katikati ya pande lile la nyama, pasipoguswa na kitu, akakiweka kwenye sahani safi.

"Kaeni. Tutazame."

Tukakaa. Akaja nzi. Hakuwa huyu wa nyumbani, maana alimzidi ukubwa. Wala si yule wa kijani anayeng'aa. Alikuwa wa kijivu, mgongoni mistari mitatu myeusi, tumbo madoamadoa kama ubao wa dama, macho mekundu. Akatua, akashusha mkia. Tukangoja mayai. Wallahi, mwanangu, hayakuja mayai! Alitoa funza hai, mmoja, kisha mwingine, nao papo hapo wakatambaa, wakajichimbia nyamani.

Sote tukaiinamia sahani.

"Subhanallah," mama mkwe akanong'ona. "Anazaa!"

Nilistaajabu. Mdudu wa jalalani kapewa na Mola uzazi kama wetu, na sie miaka yote tunampunga tu kwa mkono.

Mwanaidi akanisogelea. "Wifi, nisamehe." Tukawa ndugu hadi nilipomzika.

Basi, mwanangu, ukikutana na jambo usilolielewa, usikimbilie kutafuta wa kumtwika. Lichunguze kwanza, tena kwa macho yako mwenyewe, kwani neno likishatoka halirudi. Mungu akupe moyo wa kustaajabu, akupe ulimi mzito wa kulaumu, na siku utakaposingiziwa, akuletee mtu wa kukungojea kweli yako. Amina.