Mwonjaji wa Futari

Hidaya alikuwa mwoga, ila hakuna aliyejua, kwa sababu hofu yake ilivaa sura ya ukali. Watu wa mtaa wa msikitini, mjini Machakos, walimwona mwanamke wa amri nyingi asiyependa kuulizwa. Kumbe ndani alikuwa akitetemeka. Alizaliwa kijijini Katelembo akaitwa Katunge, akaolewa na Mahmud, akasilimu, na tangu hapo aliishi kama mtu aliyeingizwa kwenye mtihani usiokwisha. Hata akishtuka alijiuma ulimi, asije akamwita Mungu kwa Kikamba, "Ngai!", mbele ya wakwe zake.

Desemba ya mwaka 1998 Ramadhani iliingia shule zikiwa zimefungwa. Familia za pale zilikuwa zikipokezana kuupikia msikiti futari, na zamu ya akina Mahmud, ambayo ilikuwa wiki nzima, iliongozwa miaka yote na mama yake. Mwaka ule mguu ulimvimba mama wa watu, akawa haondoki kitandani. Asubuhi ya siku ya kwanza alimwita Hidaya chumbani.

"Leo jiko ni lako, mwanangu. Na msikitini kuna wageni kutoka Nairobi. Tuone itakavyokuwa. Ikishindikana, kesho nitampa Firdaus."

Firdaus alikuwa wifi yake Hidaya, dada yake Mahmud, mzaliwa wa nyumba ile.

"Nitaweza, mama," Hidaya alijibu.

Haikuwa habari ya futari tu. Leo akiharibu, kesho jiko lingerudi kwa wenyewe, naye angebaki kuwa yule aliyekuja. Alitoka chumbani akaenda moja kwa moja jikoni.

Basi akagawa kazi kama mkuu wa kituo cha polisi. Firdaus akapewa nyama ya mchuzi. Mama Umar, jirani yao, akapewa pilau na kuchemsha viazi vya kupondwa kwa katlesi. Mwenyewe akachukua nazi na viungo. "Kila mtu na kazi yake," alisema, "na maswali sitaki." Akaongeza kwamba mtu asionje. Wenzake waliokulia katika dini walizoea kugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi kisha wakatema, na hakuna aliyewalaumu. Hidaya hakuthubutu. Aliogopa kuonekana kama anameza, na kwa kuwa yeye hakuthubutu, akawakataza wote.

Zaidi ya hayo, akawafukuza watoto. Uani palikuwa na kundi lao wakicheza kalongo, na mwanawe Shamsa, wa miaka mitano, ndiye mpishi mkuu. Walikuwa wakipika pilau ya udongo kwenye mikebe. Maji yakizidi, wanamwaga na kuanza upya. Mmoja akisema, "Hii ni mbaya," mpishi anacheka na kumpa yeye mwiko ajaribu. Hidaya aliwatazama, akaona uchafu tu.

"Tokeni hapa! Kuna mafuta moto!"

"Lakini mama, bibi huwa ananiita," Shamsa alisema.

"Leo si bibi anayepika."

Mchana ukasonga. Jikoni hapakusikika mazungumzo, ila visu na mwiko. Usimdhihaki mtu mwenye hofu, lakini huyu alikuwa amewaambukiza wote, hata Firdaus akawa anatembea kwa kunyata katika nyumba aliyozaliwa. Kila Hidaya alipopita karibu na sufuria kubwa ya mchuzi, moyo ulimwambia kuna kitu kimesahaulika. Alasiri, Firdaus akiwa ameenda kuswali, wazo la chumvi likamjia.

"Mama Umar, tia chumvi hapo."

Mama Umar alikuwa amemwona kwa macho yake Firdaus akitia chumvi. Akafungua kinywa. Akakumbuka kwamba maswali hayatakiwi, akakifunga, akatia.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya vilima Shamsa alipopenya mlangoni na kijiko chake cha kuchezea. Kabla hajakatazwa alikuwa ameshachovya, akapuliza, akalamba. Uso ukamkunjamana, akatema sakafuni.

"Chumvi! Mama, ni chumvi tupu!"

Hidaya aliinua mkono ampige. Kweli aliuinua. Halafu akamwona Mama Umar ameinamisha kichwa, na Firdaus, aliyekwisha kurudi kutoka kuswali, ameshika mdomo, akaelewa yote mara moja. Mkono ukashuka wenyewe.

"Ngai!" alisema kwa sauti, na wote wakasikia.

"Niliona wifi yako ametia," Mama Umar alinong'ona. "Niliogopa kukwambia."

"Uliniogopa mimi?"

Hofu ilimrudia Hidaya. Akilini aliwaona wageni wanasukuma sahani, akamwona Mahmud anatazama chini. Shamsa, aliyenusurika kibao, hakuwa na habari ya kununa. Alikuwa bado amesimama na kijiko chake.

"Si umwage, uanze tena?" aliuliza.

Mchuzi wa msikiti mzima haumwagwi. Lakini kidogo chake chaweza kumwagwa. Hidaya aliteka upawa mmoja akautia kwenye kisufuria cha chai, akaongeza tui la nazi, akampa mtoto.

"Bado."

Akamwaga, akateka tena, akaongeza nyanya.

"Kali! Mbaya!"

"Nijaribu na viazi?" Firdaus aliuliza, na hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza jikoni siku ile. Viazi vya katlesi vilikuwa vimeiva bila chumvi. Wakaponda kimoja, wakakikoroga na tui katika upawa mwingine wa mchuzi, wakampa. Shamsa alilamba, akachovya tena bila kuambiwa.

"Na katlesi je?" Mama Umar aliuliza.

"Leo hakuna katlesi. Ponda vyote!" Hidaya alisema.

Siku hizi kuna watu wa ofisini wanaolipia semina hotelini wafundishwe jambo hilo: kazi ijaribiwe kidogo kidogo, kosa lisemwe likiwa bichi, na mpango ubadilike bila mtu kununa. Mtoto yeyote wa kalongo angewafundisha kwa kipande cha chapati. Ila jikoni mle hakuna aliyekuwa akifikiria semina. Walikuwa wakiponda viazi mbio mbio huku wamekodoa macho dirishani, na mchuzi ulivuka lango la msikiti muadhini akiwa anapanda ngazi.

Baada ya adhana, Hidaya mwenyewe alimpelekea mama mkwe sahani yake. Bibi alikula tende, akanywa maji, akaonja mchuzi. Akautafuna polepole.

"Mchuzi huu una viazi."

Angeweza kusema ndivyo alivyopanga. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Chumvi iliingia mara mbili, mama. Kosa ni langu, niliwakataza wasiulize. Shamsa ndiye aliyegundua. Niliogopa sana."

Bibi aliweka kijiko chini.

"Unafikiri mimi nilikuwa namwita mtoto kwa nini? Tangu Mahmud akiwa hivi," akaonyesha kimo kwa mkono, "sijapika futari ya watu bila kutetemeka. Mkubwa anakuogopa, anakwambia ni tamu. Mtoto hakuogopi."

Akachukua kijiko, akaendelea kula.

"Kesho," alisema, "mwite mapema."