Mkono Niliolazimisha

Sijapata kufokewa vile mbele za watu, tena asubuhi, tena nikisalimia.

Ilikuwa kwa mama muuza mahamri na mbaazi, Mji wa Kale. Jamaa mmoja wa makamo alikuwa ameketi peke yake. Nikamsalimia, nikamnyooshea mkono. Salamu aliitikia, lakini mkono hakuutazama. Nami, mtu wa adabu zangu, nikaukamata wake kwa nguvu na kumpigapiga begani.

“Usiniguse!”

Akaipiga meza ngumi, kikombe kikaanguka kikavunjika. Mteja mmoja akasema waitwe polisi.

“Haitwi mtu hapa,” mama akasema, akizima redio. “Mpisheni.”

Jamaa akavuka kichochoro, akaegemeza paji la uso ukutani. Mama akaninong'oneza kwamba ana usonji, anajitegemea katika chumba cha juu, na akishikwa ghafla hupandwa na hasira. Kuzima redio na kwenda ukutani walikubaliana wao wawili, zamani.

Akarudi mwenyewe. “Nilikasirika. Nimevunja kikombe. Nafagia.”

Akazoa vigae vyote, akaketi kula.

Nikashusha pumzi, nikidhani yamekwisha. Mama akanikazia macho, mkono kiunoni. “Mwenzio keshasema kosa lake na keshafagia. Na wewe, baba?”

Nikamwomba radhi jamaa, mikono nimeifunga nyuma kama mtoto wa chuoni mbele ya maalimu wake. Mpaka leo sijatulia. Kumbe pale mezani, wa kwanza kushindwa kuitawala mikono yake nilikuwa mimi.